Chango la Mtoto na Subira ya Nyumba Nzima

Watu hudhani mwalimu wa chuo huulizwa zaidi habari za mirathi na talaka. Hayo naulizwa, lakini hapa kwetu Kariakoo kuna swali jingine linalokuja baada ya sala ya Alasiri, limefungwa ndani ya kanga: mtoto wa mwezi mmoja au miwili anayelia kuanzia magharibi hadi usiku mkubwa. Tumbo limemkaza, magoti ameyakunjia kifuani, ngumi amezifumba. Akipewa ziwa hulidaka, akanyonya kidogo, akaliachia kwa ukelele, kisha akalitafuta tena. Anayemleta mara nyingi si mama yake. Ni bibi yake, na bibi huja akiwa amekwisha kata shauri: mtoto ana chango, na chango limetoka kwenye maziwa ya mama yake. Kilichobaki ni mimi kuandika kombe, na huko nyumbani mtoto aanzishiwe uji mwepesi, maji ya vuguvugu na kijiko cha dawa ya dukani, ziwa lipumzishwe.

Nataka kulijibu hili kwa kirefu, maana ndani ya hukumu ya bibi mna mambo mawili ya dini ambayo hatuyapi haki yake. Asiye na dhambi anapoumia na sababu haijulikani, je, tuna ruhusa ya kumtafutia mkosaji? Na tunapomwambia mama asubiri, je, subira hiyo ni yake peke yake?

Nianze na yanayojulikana. Mwaka 1954 daktari wa watoto wa Marekani, Morris Wessel, pamoja na wenzake, walitoa kipimo kinachotumika mpaka leo: mtoto mwenye afya na anayekua vizuri, akilia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 3, huyo ana hiki tunachokiita chango. Kitazame kipimo chenyewe. Kinahesabu saa, hakitaji chanzo, na hadi sasa wataalamu hawajakubaliana juu ya chanzo kimoja. Wanachokijua vizuri ni mwendo wake. Kilio huanza katika wiki za mwanzo, hupanda, hufika kileleni yapata wiki ya sita, kisha hushuka, na kwa watoto wengi huwa kimekwisha kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Huwapata wanaonyonya na huwapata wa maziwa ya kopo vilevile. Hili la mwisho ningependa kila bibi wa Kariakoo alisikie, kwani kama mkosaji angekuwa maziwa ya mama, mtoto wa kopo angelala.

Sasa ipime hiyo wiki ya sita kwa kalenda yetu. Mzazi wa pwani hukaa ndani siku arobaini. Hukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa uji wa pilipili manga na supu, na mtoto hupokelewa na mama, shangazi, wifi na mashoga. Mzazi hana kazi ila kunyonyesha na kulala. Arobaini ikitimia mtoto hutolewa nje, wale wote hutawanyika, kila mmoja akarudi kwake. Na siku ya arobaini ni wiki ya sita kasoro siku mbili. Maana yake tunamwacha mama na mtoto wake wakati uleule kilio kinapofika kileleni, halafu tunasema mtoto amekutana na upepo mbaya alipotolewa, au ameonwa na jicho, au mama mtu ameanza mambo yake. Kilio kingepanda hata kama mtoto angebaki chumbani. Kilichobadilika ni kwamba waliokuwa wakimpokea hawapo.

Fikihi yetu ya Kishafi inasema nifasi kwa kawaida ni siku arobaini na mwisho wake ni sitini. Hukumu hiyo ni ya damu na sala, siigeuzi ikawa ya kitu kingine. Lakini huwaambia wanaume wa darasani kwangu: ikiwa vitabu vimeacha nafasi mpaka siku ya sitini, nasi hatukatazwi kumpokea mzazi mtoto mpaka siku hiyo, na kuipita.

Kisa ninachokijua kwa karibu ni cha nyumba ya jirani, kwenye mitaa ya nyuma ya Msimbazi, moja katika zile nyumba za Kiswahili chache zilizosalia katikati ya maghorofa: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Mama mtoto anauza madera Mtaa wa Kongo. Fremu si yake, amekodi meza mbele ya duka la mtu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Meza ya madera haina mwajiri. Arobaini ilipokwisha alirudi Kongo na mtoto wake mbelekoni, kwa sababu mteja asipokukuta leo, kesho ana mtu wake mwingine.

Akawa ananyonyesha kati ya mteja na mteja. Ziwa la kulia dakika chache, anaitwa, anamchomoa mtoto. Akirudi anampa la kushoto, maana la kulia kwa hesabu yake limekwisha nyonywa. Jioni, kilio. Mama mkwe akasema maziwa ni mepesi, tena ni ya mtu aliyeshinda juani. Katika nyumba ile ukuta hauzuii sauti, kwa hiyo usiku wapangaji wote walikesha, na asubuhi kila mmoja alikuwa na lake la kusema. Mmoja akalitamka lile zito kuliko yote: mtoto kabemendwa. Baada ya hapo mama mtoto akawa hatoki uani akisikia watu wanazungumza.

Aliyesaidia ni mpangaji wa chumba cha uani, muuguzi mstaafu, Mkristo wa Kilutheri anayesali Azania Front. Mke wangu alikuwepo na ndiye aliyenisimulia. Muuguzi alimkalisha mama kwenye mkeka, mgongo ukutani, mto mapajani, akamwambia ampakate mtoto tumbo kwa tumbo, kichwa na mgongo vikiwa mstari mmoja. Wakangoja mpaka mtoto akafungua kinywa chote, ndipo akaletwa kwenye ziwa. Kidevu kikaligusa ziwa, mdomo wa chini ukabinuka nje, na ule weusi wa kuzunguka chuchu ukawa unaonekana zaidi juu ya mdomo wa mtoto kuliko chini yake. Alianza kwa kufyonza harakaharaka, kisha akatulia, akawa anavuta taratibu, anameza, anapumzika, anavuta tena. Baada ya muda mama akataka kumhamishia upande wa pili. Muuguzi akamshika mkono.

"Mwache alimalize, mwanangu. Akishiba nalo ataliachia mwenyewe."

Maziwa yanayotangulia kutoka yana mafuta machache, na mafuta huongezeka kadiri ziwa linavyoelekea kuisha. Mtoto anayehamishwahamishwa hujaa yale ya mwanzo. Tumbo huyateremsha upesi, sukari yake hufika kwa wingi kwenye utumbo mpana, huchacha na kutoa gesi. Michael Woolridge na Chloe Fisher waliyaeleza hayo katika jarida la The Lancet mwaka 1988, na nasaha yao ilikuwa ileile ya muuguzi wa uani. Kwa hiyo mama huyu hakuwa na maziwa mepesi. Alikuwa na wateja. Dawa haikuwa kulipumzisha ziwa, ilikuwa kumwachia nafasi ya kulimaliza.

Muuguzi hakudai kwamba kila chango lina asili hiyo. Wapo watoto wachache ambao maziwa ya ng'ombe anayokunywa mama huwasumbua, na hao mama huacha kuyanywa kwa muda kwa ushauri wa daktari huku akiendelea kunyonyesha. Wapo ambao hakuna kinachoonekana, ni kuwabeba tu: kifudifudi juu ya mkono wa mtu mzima, tumbo likikaa kiganjani, au kifua kwa kifua, ngozi kwa ngozi, au begani mpaka acheue. Akasema pia mtoto wa ziwa anaweza kupata choo kila anaponyonya, na mwingine akakaa siku kadhaa bila choo, na maadamu kikija ni laini na mtoto anaongezeka uzito kwenye kadi ya kliniki, hakuna ugonjwa hapo. Lakini mtoto anayetapika kijani, mwenye damu kwenye choo, mwenye homa, au aliyelikataa ziwa kabisa akalegea, huyo si wa kuandikiwa kombe wala kungojewa kuche. Apelekwe hospitali usiku huohuo. Naye asiyeongezeka uzito aonwe na daktari, asiachwe kwa jina la chango.

Bibi alikuja kwangu jioni ile na sahani yake nyeupe.

Kombe mimi huliandika kwa zafarani iliyoyeyushwa kwa marashi ya waridi, kwenye sahani ya kaure, kwa kalamu ya tete. Huanzia ukingoni nikizunguka kuelekea katikati, na mkono hauruhusiwi kukimbia, kwa kuwa zafarani ikiwa nyepesi herufi huvujiana, na ikiwa nzito hukatikia kalamuni. Maandishi yakikauka huoshwa kwa maji safi, na mgonjwa huyanywa. Wapo wanavyuoni wanaolikataa kombe. Mimi nimelipokea kutoka kwa walimu wangu na sijaliacha.

"Niandikie la chango, Mwalimu. Mjukuu wangu hana raha."

"Atakunywa nani, Bi Mkubwa?"

"Si mwenyewe mtoto?"

"Ana umri gani?"

"Kaingia wiki ya saba."

"Wa wiki saba hanywi maji. Hata ya kombe."

Akakunja uso. "Maneno ya Mungu yatamdhuru mtoto?"

"Maneno ya Mungu hayadhuru. Maji ya kwenye dumu je?"

Hakushindwa mara moja, na nilimpenda kwa hilo. Akaniuliza mbona Mtume aliwatia watoto tende kinywani. Ni kweli: Abdallah bin Zubeir, mtoto wa kwanza kuzaliwa kwa Muhajirina Madina, alipelekwa na mama yake Asmaa kwa Mtume, akatafuniwa tende akapakwa kaakaani na kuombewa. Nikamjibu Bi Mkubwa kwamba hiyo ilikuwa chembe iliyolainishwa, mara moja, ya baraka, kisha mtoto akarudi kwenye ziwa la mama yake. Hakuna aliyesema mtoto alishwe tende usiku kucha ili anyamaze.

Nikaliandika lile kombe. Nikamwambia litanywewa na mama mtoto, maana anachokula na kunywa mama kina njia ya kumfikia mtoto wake, na aliyeiweka njia hiyo ni Mungu. Sikulisema hilo ili kumpumbaza bibi wa watu. Ndivyo ninavyoamini. Mtume ametukataza kudhuru na kudhuriana, na katazo hilo haliishii mlangoni kwa mganga au mwalimu. Mkutano wa Afya Duniani wa mwaka 2001 ulizitaka nchi zihimize mtoto anyonye maziwa ya mama tu kwa miezi 6, bila chakula kingine na bila maji, isipokuwa dawa aliyoandikiwa. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 umeonyesha kuwa kwetu Tanzania watoto walio chini ya miezi 6 wanaonyonyeshwa hivyo ni asilimia 64. Hao wengine ndio wa maji, uji na vijiko, na wengi wao, kwa niliyoyaona mitaani kwetu, walianzishiwa vitu hivyo kwa sababu walilia.

Kuhusu ile chupa ya dawa ya chango inayotoka dukani, mwanzo wake ni dawa ya William Woodward aliyeanza kuitengeneza Nottingham, Uingereza, mwaka 1851. Ya zamani ilikuwa na sukari, magadi, mafuta ya mbegu za bizari na pombe ndani yake. Siku hizi nyingi hazina pombe, lakini Mwislamu anayemnywesha mtoto wa mwezi mmoja hana budi kusoma kilichoandikwa ubavuni mwa chupa kabla hajasema Bismillahi.

Turudi kwenye lile la kubemenda, maana ndilo linaloumiza. Waarabu wa zama za Mtume waliogopa jambo hilohilo tunaloliogopa sisi: kwamba mume akimwingilia mke anayenyonyesha, maziwa huharibika na mtoto hudhoofika. Katika Sahihi Muslim imo hadithi ya Judama bint Wahb ambamo Mtume anaeleza kwamba alifikia karibu kulikataza jambo hilo, kisha akawafikiria Warumi na Wafursi, ambao hufanya hivyo bila ya watoto wao kupata madhara. Akaacha kukataza. Katika Abu Daud ipo riwaya nyingine yenye kuonya, na wanavyuoni wakazipatanisha kwa kusema kuwa ile ni tahadhari, si uharamu. Mimi kinachonishika kila ninapoisomesha ni namna alivyofika kwenye hukumu. Alikuwa na khofu ya watu wake mbele yake, na angeweza kuitia muhuri wa dini. Badala yake aliwatazama watoto wa watu wengine, tena wasio wa dini yake, akaona hawajadhurika, na aliyoyaona yakawa hoja. Sisi tuna watoto wangapi mtaani wa kuwatazama? Wangapi waliambiwa wamebemendwa, wakapita mwezi wa nne wakicheka, na hakuna aliyemrudia mama yao kumwambia tulikosea kukuhukumu?

Baba mtoto ni kijana anayepakua mizigo ya maduka usiku. Alinijia peke yake, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, huyu ana dhambi gani?"

Hana. Kalamu haimwandikii mtoto mpaka abaleghe. Lakini nilijua anauliza zaidi ya hapo, na watu wamelizungusha swali lake kwa karne nyingi. Mu'tazila, na mkubwa wao Kadhi Abdul-Jabbar aliyefariki mwaka 1025, walisema uadilifu wa Mungu unalazimu kila maumivu ya mtoto yawe na fidia. Ash'ari, ambao itikadi yao ndiyo tuliyolelewa nayo pwani hii, walikataa Mungu kulazimishwa na yeyote. Hufanya atakalo na hekima ni yake. Augustino wa Hippo, mtu wa Afrika ya Kaskazini, alimtazama mtoto anayenyonya na kilio chake, akaona ndani yake alama ya dhambi ya asili. Hapo siwezi kumfuata hata hatua moja. Mtoto mwenye tumbo linalomsokota hana wivu wala ukaidi, ana tumbo linalomsokota.

Ninawafuata Ash'ari, tena kwa sababu ambayo chango limenisaidia kuiona. Chanzo cha maumivu haya kimefungwa kwa mwanachuoni kama kilivyofungwa kwa daktari. Wajibu haukufungwa. Anayesema "sijui kwa nini mtoto huyu anaumia" bado anaweza kumbeba. Anayejifanya anajua, akasema ni maziwa, ni jicho, ni uzinzi, ameshajipa ruhusa ya kutombeba, maana kazi sasa ni ya mkosaji.

Tena maziwa yenyewe yakichunguzwa yana jambo la ajabu. Baada ya sukari ya kawaida na mafuta, kitu kigumu kilicho kingi zaidi ndani yake ni aina nyingine za sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Zinapita tumboni zikiwa nzima, zikafika utumbo mpana, na huko ni chakula cha bakteria wema wanaoulinda na kuujenga utumbo. Mwili wa mama unatumia nguvu zake kupika kitu kisicholiwa na mtoto wake, mithili ya mwenyeji anayempakulia sahani mgeni aliyekuja na mgeni wake. Nilipolisoma hilo nilisujudu. Maziwa tunayoyatuhumu kwamba yanaharibu tumbo la mtoto ndiyo yanayolitengeneza, usiku uleule anaolia.

Kuna kauli ya Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, katika kitabu chake cha hukumu za mtoto mchanga, kwamba wazazi wasione uzito mtoto akilia, kwani kilio kinamnyoosha viungo na kumpanua matumbo. Nakubali nusu. Ni faraja kwa mama kuambiwa kwamba kilio si hati ya mashtaka dhidi yake. Lakini nusu nyingine, ile ambayo mtu mvivu ataichukua ili aendelee kulala, naipinga kwa mwendo wa Mtume mwenyewe. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Anas kwamba alikuwa akiingia katika sala akikusudia kuirefusha, akisikia mtoto analia huifupisha, kwa kuijua taabu inayompata mama yake. Hakuuliza mama huyo kala nini wala kwa nini kaja na mtoto msikitini. Sala, nguzo ya dini, ndiyo iliyopunguzwa. Nasi katika misikiti yetu hapa mjini, mtoto akilia upande wa wanawake, watu hugeuza shingo kabla ya imamu kumaliza salamu. Ibn Sina, katika kitabu chake cha Kanuni ya Tiba, alimwandikia mtoto vitu viwili vya kumtuliza: kumtikisa taratibu na kumwimbia. Vyote viwili vinahitaji mtu aliye macho, na hakusema mtu huyo lazima awe mama.

Ndipo ninapofika kwenye subira. Subira yavuta heri. Maneno haya yamo kwenye kanga za nusu ya wanawake wanaokuja kwangu, na huwa tunamwambia mama anayekesha. Ni kweli kunyonyesha mtoto wa chango ni subira ya hali ya juu, kwa sababu kunaonekana kama kutofanya kitu. Mtoto analia, na yeye anampa kilekile alichompa saa iliyopita. Kumpa uji ni kufanya kitu. Kumpeleka kwa mganga ni kufanya kitu. Kuendelea na ziwa usiku wa kumi na wa ishirini, bila ushahidi kwamba kesho itakuwa nafuu, ni imani inayotendwa na mwili. Lakini Qurani haikumtwika mama imani hiyo akiwa peke yake. Aya ya 233 ya Sura ya Baqara, inayotaja miaka miwili ya kunyonyesha kwa anayetaka kuikamilisha, hapohapo inamtaja baba: chakula cha mama na mavazi yake ni juu yake, kwa wema. Kisha inakataza mama kudhurishwa kwa sababu ya mtoto wake. Kisha inasema wawili hao wakitaka kumwachisha kwa kuridhiana na kushauriana, hawana lawama. Mkwe hatajwi. Mpangaji mwenza hatajwi. Shauri ni la watu wawili, na mmoja wao ameamrishwa kugharimia.

Kwa aya hiyohiyo siwezi kumhukumu mama ambaye maziwa yalimkatika, au maradhi yalimzuia, au walishauriana na daktari na mumewe wakaamua njia nyingine. Nimewaona wanawake wakinywea mbele ya wenzao kwa sababu ya kopo la maziwa lililo kwenye mkoba. Hapana lawama maana yake ni hapana lawama, na sisi walimu tulisome neno hilo kwa sauti ileile tunayosomea miaka miwili.

Katika nyumba ile ya nyuma ya Msimbazi walipanga hivi. Mama alirudi kwenye meza nusu siku tu, mama mkwe akamletea mtoto Kongo na kukaa naye kwenye kiti nyuma ya madera, na mtoto akinyonya bibi ndiye anayemjibu mteja. Bibi yule, niseme haki yake, anauza madera vizuri kuliko mkwewe. Baba, siku asizokuwa na mzigo, alimbeba mtoto baada ya Isha akitembea naye ukumbini huku na huku. Kilio hakikukoma siku ile wala wiki ile. Kilipungua, kikarudi, kikapungua tena, na mtoto alipokaribia miezi minne nyumba ililala. Bibi anasema ni kombe na muuguzi anasema umri ulifika; sijawasuluhisha.

Sasa kabla sijaozesha, humkalisha bwana harusi pembeni na kumsomea majukumu yake ya arobaini na yanayofuata baada yake, kwa majina: kupika, kufua nepi, kubeba, kumzuia mama yake mzazi asiseme neno kuhusu maziwa. Wengi huinamisha kichwa na kuitikia. Mmoja, mpakuaji mizigo kama yule wa awali, alinikatiza mwaka huu.

"Mwalimu, usiku mimi niko kwenye lori mpaka alfajiri. Nitambeba saa ngapi?"

Nikamwambia mzigo ukishashuka apitie nyumbani moja kwa moja, asikae kijiweni kwa kahawa, amchukue mtoto kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa nne, mama alale, kisha naye alale. Akahesabu kwa vidole, akasema saa hizo tatu anaziweza, baada ya hapo atamwomba dada yake.